Mwuguzi na Nyumba Anamofanyia Kazi

Mimi ni mwalimu wa chuo cha ualimu, na kwetu ni Momela, chini ya Mlima Meru, mahali penye maziwa na nyati. Kazi yangu ni kuwafundisha vijana watakaokuwa walimu. Sikusomea uganga wala uuguzi. Basi huenda mtu akauliza, Huyu ana haki gani ya kusema habari za wauguzi? Namjibu ya kuwa ninayo haki ya mtu aliyepata kumkosea mwuguzi, akatambua kosa lake akiwa amekwisha chelewa. Nitaanza na habari hiyo.

Miaka kumi na mitano iliyopita mke wangu alishikwa na uchungu wa mtoto wetu wa kwanza, usiku, wakati wa masika. Wanaoijua nchi yetu wajua ya kuwa njia za Momela si za kutembea kwa miguu usiku, maana nyati na tembo hutoka mwituni. Jirani mmoja akatuchukua kwa gari lake, tukafika saa nane ya usiku katika zahanati ambayo jina lake sitalitaja. Tulimkuta mwuguzi mmoja tu, mwanamke wa makamo, amejifunga kanga juu ya vazi lake la kazi kwa ajili ya baridi. Hakutusalimu. Alimwambia mke wangu, "Kaa pale chini, wala usinipigie kelele." Nilipouliza kitanda kiko wapi, akanijibu, "Kitanda ni kimoja, na kina mtu. Wewe nenda ukanunue glavu." Nikaenda kumwamsha mwenye duka, hali nimejaa hasira.

Mtoto wetu alizaliwa salama kabla ya alfajiri, kwa mikono ya mwanamke huyo huyo. Lakini mimi sikuukumbuka mkono wake, niliukumbuka ulimi wake. Juma lile lile nikaandika barua kwa wakubwa wake. Mimi ni mwalimu, na najua kuandika barua. Nilipanga makosa yake moja baada ya moja, wala sikutia uongo hata neno moja. Mwezi haukuisha, mwuguzi yule akahamishwa, nami nikajisifu moyoni ya kuwa nimewatetea wanakijiji wenzangu.

Kumbe zahanati ile haikupata mwuguzi mwingine upesi. Kwa muda wa miezi minne mlango wake ulifungwa kila jua lilipokuchwa. Katika miezi hiyo mke wa jirani yule aliyetuchukua kwa gari alishikwa na uchungu usiku, nao wakapita mbele ya mlango uliofungwa, wakashika njia ya hospitali ya mbali. Alijifungua ndani ya gari, na mtoto hakufika akiwa hai. Hapana mtu aliyeniambia, "Ni barua yako." Nilijiambia mwenyewe.

Baada ya miaka kadhaa nilimwona mwuguzi yule katika soko la Tengeru, ananunua ndizi. Nikamwendea, nikamwamkia, "Shikamoo, mama." Akaitika, "Marahaba, mwalimu," maana alinikumbuka. Nikamwambia ya kuwa mimi ndimi niliyeandika ile barua. Akasema, "Najua. Nilisomewa yote. Kila neno lilikuwa kweli, mwalimu, lakini barua yako ilikuwa nusu. Hukuandika ya kuwa nilikuwa peke yangu kwa usiku wa tatu mfululizo. Hukuandika ya kuwa yule aliyekuwa kitandani alikuwa anavuja damu. Hukuandika ya kuwa glavu zilikuwa zimekwisha, na ya kuwa nilikuwa nimeandika mara mbili kuziomba." Kisha akanyamaza kidogo, akasema, "Lakini lile neno la kumkalisha mkeo chini kwa ukali, lile lilikuwa langu. Lile silisingizii kabati tupu."

Mabibi na mabwana, katika maneno hayo ya sokoni mna somo lote ninalotaka kuwapa leo. Kazi ya uuguzi ina miiko yake, nayo ni mizuri. Lakini mwuguzi haishiki miiko hiyo hewani. Huishika ndani ya nyumba fulani, yenye watu fulani na vyombo fulani, chini ya amri zilizoandikwa na wakubwa walio mbali. Nyumba hiyo na amri hizo zaweza kumsaidia awe mwema, na zaweza kumsukuma kila siku mpaka wema wake ukachakaa. Hata hivyo liko jambo moja linalobaki kuwa lake mwenyewe. Anayetaka kumhukumu mwuguzi kwa haki hana budi kuyatazama yote mawili.

Kwanza tuitazame miiko yenyewe. Mwaka 1953 Baraza la Kimataifa la Wauguzi, lililoundwa mwaka 1899, lilikubali kanuni za maadili kwa wauguzi wa dunia nzima, nazo zimetengenezwa upya mara kwa mara tangu hapo. Maana yake kwa ufupi ni kwamba mgonjwa atunzwe kwa heshima pasipo kutazama kabila, dini, wala mali yake. Siri yake ifichwe. Na mwuguzi aendelee kujifunza kazi yake. Katika Tanzania iko Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010, na liko Baraza la Uuguzi na Ukunga lenye daftari la majina. Mwuguzi akivunja miiko, Baraza laweza kumwita, na hata kulifuta jina lake daftarini. Ni jambo jema. Lakini hapana baraza liwezalo kulifuta jina la kabati tupu, wala la kitanda kisichokuwapo.

Pengine mtasema, Mwuguzi wa kweli hushinda taabu zote kwa moyo wake, kama yule Florence Nightingale anayesifiwa vitabuni. Basi tumwangalie huyo Nightingale. Mwaka 1854 alifika Scutari, katika nchi ya Uturuki, pamoja na wanawake 38, kuwauguza askari wa Kiingereza waliokuwa katika vita vya Krimea. Walifanya kazi kwa bidii kubwa, naye alizunguka usiku kwa taa mkononi. Walakini katika miezi ya kwanza askari walizidi kufa, tena wengi wao hawakuuawa na majeraha, bali na magonjwa ya uchafu. Sababu moja kubwa ilikuwa chini ya sakafu: jumba lile lilikaa juu ya mifereji ya maji machafu iliyoziba. Mwezi wa Machi 1855 walifika mabwana waliotumwa na serikali kutazama mambo ya afya. Wakaizibua mifereji, wakaingiza hewa safi, na vifo vikapungua sana. Nightingale aliporudi kwao hakuishia kuhubiri juu ya moyo mwema. Alikusanya hesabu, akawaandama wakubwa wa jeshi na serikali ili majumba na kanuni zigeuzwe. Watu waliisifu taa, bali yeye alikuwa amekwisha tambua ya kuwa taa haizibui mfereji.

Nasi walimu twalijua jambo hili katika kazi yetu. Kijana hutoka chuoni amefundishwa kumwita kila mtoto kwa jina lake. Akifika shuleni akakuta watoto 120 katika chumba kimoja, na vitabu vitano, mwezi wa kwanza hujitahidi, mwezi wa tatu hupiga kelele, na mwaka wa pili majina amekwisha yasahau. Je, amekuwa mtu mbaya? Hakuamka siku moja akaamua kuwa mbaya. Alipungukiwa kidogo kidogo, kama kisu kinachokatia mawe. Na kama mwalimu hufika hapo kwa kelele za watoto, mfikirini mwuguzi ambaye watu hufa mikononi mwake. Wahenga walisema, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Sisi tusioubeba twaona ni mwepesi.

Uchache wa wauguzi si hadithi. Mwaka 2006 Shirika la Afya Duniani lilikadiria ya kuwa nchi yahitaji waganga, wauguzi na wakunga wapatao 23 kwa kila watu 10,000 ili akina mama walio wengi wazalishwe na mtu mwenye ujuzi. Likahesabu nchi 57 zilizokuwa na upungufu mkubwa, 36 kati yao zikiwa za Afrika, na Tanzania ilikuwa mojawapo. Upungufu huo haukuanguka kama mvua. Katika miaka ya 1990 serikali, kwa uhaba wa fedha, ilipunguza watumishi na kuzuia kuajiri wapya, na wauguzi waliosoma wakakaa nyumbani huku zahanati zikiwa hazina watu. Amri ya namna hiyo huandikwa mezani, katika ofisi kubwa, wala haitaji hata mgonjwa mmoja. Lakini hatimaye hufika saa nane ya usiku, nayo husema kwa kinywa cha mwanamke mmoja aliyechoka, "Kaa pale chini."

Pili, ziko amri za malipo. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, nchi ilishika shauri la kwamba matibabu ya serikali yatolewe bure kwa watu wote. Mwaka 1993 malipo yakaanza kutozwa katika hospitali za serikali. Sheria ikaweka msamaha kwa wenye mimba, kwa watoto wa chini ya miaka mitano, na kwa maskini wasioweza kulipa. Kwa maandishi ni vizuri kabisa. Lakini nani atakayesema dirishani ya kuwa huyu ni maskini wa kweli na yule si maskini? Na msamaha ukitolewa, dawa aliyopewa aliyesamehewa italipwa na nani? Mwuguzi aliyeapa kutotazama mali ya mtu sasa hana budi kuitazama kwanza. Mlango wa rehema na mlango wa kodi ukawa mlango mmoja, na mtu mmoja akawekwa kuulinda. Tena mwenye mimba huambiwa ya kuwa kujifungua ni bure, kisha huambiwa aje na glavu, wembe, uzi na mpira wa kutandika. Yeye humwona mwuguzi kuwa mwongo au mla rushwa. Wako wala rushwa, sikatai, nao wanastahili kuadhibiwa. Lakini yuko na yule asiyekula kitu, ambaye hana la kumpa mama huyo isipokuwa orodha.

Sasa tuvuke mpaka, twende Kenya kwa jirani zetu, maana huko jambo hili lilipimwa mbele ya mahakama. Katika hospitali ya uzazi ya Pumwani, mjini Nairobi, mwaka 2010, akina mama walizuiliwa kutoka baada ya kujifungua kwa sababu hawakuwa na fedha za kulipa. Mwezi wa Septemba 2015 Mahakama Kuu iliamua ya kuwa kuwazuia hivyo kulivunja haki zao. Fikirini wodi yenye wanawake waliozuiliwa. Askari hulinda lango, lakini ni mwuguzi anayeingia asubuhi kuwatazama, naye huulizwa, "Nitakwenda nyumbani lini?" Mtu aliyefundishwa kuuguza amegeuzwa msaidizi wa askari wa gereza, wala hakuulizwa kama ataka.

Habari ya pili ndiyo kubwa zaidi. Tarehe 1 Juni 2013 Rais wa Kenya alitangaza ya kuwa akina mama watajifungua bure katika hospitali za serikali. Ilikuwa rehema kubwa, na wanawake wengi wakaja. Lakini vitanda havikuongezeka kwa kutangazwa, wala wakunga hawakuzaliwa kwa siku moja. Mwezi wa Agosti mwaka huo mama mmoja alifika hospitali ya Bungoma. Ingawa huduma ilikuwa bure, alitakiwa anunue pamba na dawa. Vitanda vilikuwa vimejaa. Alijifungua sakafuni, akapoteza fahamu, na alipozinduka aliwakuta wauguzi wakimpigia kelele na kumpiga makofi kwa kuchafua sakafu.

Alikwenda mahakamani. Mwezi wa Machi 2018 Mahakama Kuu ikampa haki: alipwe shilingi milioni mbili na nusu za Kenya, na aombwe radhi. Nawaomba msikilize vizuri jinsi hukumu ilivyokatwa. Mahakama haikusema, Wauguzi ni wabaya, basi yamekwisha. Ilikiri ya kuwa mama yule alidhulumiwa kwa makofi na matusi. Lakini pia iliwashika waliokuwa juu, serikali ya kaunti na serikali kuu, kwa kuwa hawakutoa mali ya kutosha, wala hawakuweka utaratibu wa kulitimiza na kulisimamia lile neno zuri walilolitangaza. Barua ya mama yule haikuwa nusu kama yangu.

Mwaka 2017 wauguzi wa Kenya wakaweka kazi chini, kuanzia mwezi wa Juni hata mwanzo wa Novemba, kwa sababu ya ugomvi wa mapatano ya mishahara na serikali zao. Wodi nyingi zikabaki tupu, na walioumia zaidi walikuwa maskini, wasioweza kwenda hospitali za kulipia. Je, mwuguzi aweza kumwacha mgonjwa ili apate haki yake? Na asipomwacha kamwe, nani atamsikiliza? Mimi sina jibu jepesi, wala simwamini mtu aliye nalo. Lakini naona hivi: wakubwa wakiiacha nyumba mpaka ikafika hapo, mwuguzi hubakiwa na njia mbili, na zote mbili zina damu.

Basi, je, tuseme ya kuwa mwuguzi hana kosa kamwe, kwa kuwa yote ni ya nyumba na ya amri? Hasha. Katika nchi ya Wajerumani, tangu mwaka 1939 hata 1945, maelfu ya wagonjwa wa akili na viwete waliuawa katika hospitali kwa shauri la serikali, na wako wauguzi walioshika sindano wenyewe. Walipoulizwa baadaye, wengine walijibu ya kuwa waliamriwa. Huo ndio mwisho wa njia ya mtu anayesema, Amri imeosha mikono yangu. Amri haioshi mikono. Amri yaweza kumnyima mwuguzi kitanda, glavu na usingizi, nayo hujibu kwa hayo. Lakini ulimi wake, kofi lake, na siri aliyoambiwa na mgonjwa vinabaki vyake. Mwuguzi yule wa sokoni alilijua jambo hili kuliko mimi mwenye vitabu. Alinitajia kabati tupu, lakini hakujificha nyuma yake.

Sasa mtauliza, Sisi wanakijiji tufanye nini? Nitawapa jambo la mwalimu, yaani jinsi ya kuandika barua nzima. Ukitendewa vibaya zahanatini usinyamaze, maana kunyamaza ni kumwachia mwenzako aliye nyuma yako. Andika, lakini jibu maswali matatu. La kwanza, Mwuguzi alifanya nini, au alisema nini? La pili, Alikuwa na nini mkononi saa ile: wenzake wangapi, vitanda vingapi, maji, taa, dawa? La tatu, Ni nani aliyepaswa kumpa vile asivyokuwa navyo? Barua yenye swali la kwanza peke yake humwondoa mtu na kuiacha nyumba vile vile. Barua yenye matatu huwafanya wakubwa watafute majibu.

Tena barua hiyo msiipeleke mbali kabla ya kuisoma karibu. Zahanati zetu zina kamati, na ndani yake mna wajumbe waliotoka kwa wanakijiji. Wengi wetu hatuwajui hata kwa majina. Waiteni katika mkutano wa kijiji, muwaulize dawa zilizoombwa ni zipi na zilizofika ni zipi. Iangalieni nyumba anamolala mwuguzi. Kama paa lavuja, na kama hutembea peke yake usiku kati ya nyati kwenda kazini, nanyi mnao mkono katika ukali wake. Kijiji hakiwezi kuajiri mwuguzi wa pili, bali chaweza kuchota maji, kuezeka paa, na kumtolea mtu wa kumsindikiza.

Na ninyi wanafunzi wasichana na wavulana mnaotaka kuwa wauguzi, nawaambia msiogope kazi hii. Lakini mtakapofundishwa miiko, jifunzeni pia kuandika hesabu. Siku glavu zitakapokwisha, andikeni tarehe. Usiku mtakapokuwa peke yenu, andikeni tarehe. Nightingale alikuwa na taa mkono mmoja na daftari mkono wa pili.

Mtoto wetu aliyezaliwa usiku ule sasa yuko sekondari. Mwaka jana mwalimu wake aliwaambia waandike barua ya kumshukuru mtu. Akaniuliza, "Baba, ni nani alinipokea nilipozaliwa?" Nikamtajia jina la mwuguzi yule, nikamweleza habari yote, pamoja na barua yangu. Akaandika ukurasa mmoja, nami nikaupeleka mwenyewe. Mama yule ameacha kazi sasa, yuko kwake analima. Aliisoma barua ya mtoto mara mbili, akaikunja, akaiweka katika kanga. Kisha akaniuliza, "Na pale zahanatini sasa wako wangapi usiku?" Nikamjibu, "Wawili, mama." Akasema, "Wawili ni afadhali."